Umri wa Kaunta

Lifti ya duka lile kubwa iligoma Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo watu hupigana vikumbo hata kwa kuangalia tu. Wateja walirundikana mbele ya kaunta ya vipodozi wakisubiri lifti itengenezwe. Muuzaji wa pale, ambaye duka zima lilimwita Bibie, alikuwa amesimama juu ya viatu vya visigino virefu tangu asubuhi, sare ya zambarau imembana kiunoni, rangi ya mdomo imekolea. Miguu ilimwaka moto. Tabasamu alilibandika vilevile.

"Dada, haya mafuta ya kuondoa mikunjo yanafanya kazi kweli?" mama mmoja aliuliza.

"Nitazame mimi, mama. Unanipa miaka mingapi?"

"Thelathini na tano?"

"Nina arobaini na nane."

Mama yule alishika mdomo, kisha akafungua mkoba. Upande wa pili wa kaunta, binti aliyefanya kazi na Bibie, ambaye hata thelathini hajafika, alikuwa akimwambia mteja wake kwamba ana arobaini na mbili. Ndivyo kazi ilivyokwenda pale. Meneja aliwafundisha wote siku ya kwanza: mteja akiuliza umri, ongeza. Bibie peke yake ndiye aliyekuwa haongezi kitu. Miaka yake ilishafika mahali pa kutajwa kama ilivyo, na hakuna mwenzake aliyejua.

Mlangoni mwa lifti, fundi wa ovaroli ya buluu alikuwa amekaa kitako akisubiri kipuri. Alisikia yote. Wateja walipopungua akasogea, mikono imejaa grisi.

"Nyie dada zangu mna uongo mtamu," alisema. "Mdogo ana arobaini na mbili, wewe arobaini na nane. Basi mimi hapa nina mia na kumi."

"Na umechakaa kweli, babu."

"Haya, ukweli sasa. Thelathini na saba?"

Bibie alitaka kumsahihisha. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini alikuwa amechoka, na kwa miaka mingi hakuna mwanaume aliyemtazama namna ile bila kutaka apunguziwe bei. "Una macho, Fundi," alisema, akampa karatasi laini afute mikono.

Tangu hapo lifti ile ikawa inakaguliwa kuliko lifti ya hospitali. Simu nazo zikafuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Miguu imevimba kama mito."

"Njoo nikuwekee kwenye beseni la maji ya chumvi."

"Fundi lifti unajua nini habari za miguu?"

"Chochote kinachobeba mzigo nakijua, Bibie."

Alikuwa mwanaume wa arobaini na moja, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Alilea wadogo zake mpaka wa mwisho akaolewa, ndipo akakumbuka kwamba na yeye ana maisha. Bibie aliwahi kuolewa, ndoa ikavunjika bila mtoto, akazoea kulala na redio. Kila walipoagana alijiambia kwamba kesho atamweleza. Kesho ilipofika, Fundi alikuja na shati limepigwa pasi, anacheka, naye akaisogeza mbele tena.

Jumapili moja Fundi alimpeleka kuona nyumba aliyotaka kupanga. Ilinukia rangi mbichi. Alifungua sebule, akafungua chumba cha kulala, kisha akasukuma mlango wa kachumba kadogo mwisho wa korido.

"Na hiki cha mtoto," alisema. "Dirisha linatazama mashariki. Ataamka na jua."

Bibie aliegemea ukuta. Rangi ikamganda begani, asijali.

"Fundi, keti."

"Hakuna kiti, mpenzi."

"Basi simama. Ile arobaini na nane ninayowaambia wateja..."

"Enhe, uongo wako wa kazini."

"Si uongo."

Alicheka kwa mabega. Kisha mabega yakatulia. "Acha utani."

"Damu ya mwezi ilishakatika, mwaka wa pili huu. Mtoto hayupo, Fundi. Sikuambii atapatikana kwa shida. Hayupo."

Fundi aligeukia dirisha. "Kwa hiyo yale mafuta yanafanya kazi," alisema hatimaye.

"Hayafanyi. Yanalainisha tu, asubuhi ngozi inajaa, jioni inarudi ilikokuwa. Uso huu ni wa mama yangu, ana sabini na kitu na bado wanamwita dada. Na mimi nimefanya kazi maisha yangu yote ndani ya jengo lisilo na dirisha, jua halinijui. Siri yote ndiyo hiyo, wala haiuzwi kwa chupa."

"Nilikuuliza siku ileile ya kwanza."

"Ulikisia. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza miezi yote hii. Nilijiona mchumba, kumbe nilikuwa mteja."

Ilikuwa kweli, na Bibie alijua. Fundi alifunga nyumba, akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote, na hakupiga simu tena.

Lifti nayo, kwa ubishi wake, haikuharibika. Siku ya kukaguliwa alikuja fundi mwingine. Bibie aliendelea kusimama na kutaja umri wake, na wateja wakaendelea kushika midomo. Zamani mshangao ule ulimfurahisha. Sasa kila mmoja ulimchoma, akatamani mtu amtazame tu na kusema, naam, unafanana na miaka yako.

Alasiri moja ya mapumziko alikuwa anafua, amejifunga kanga kuukuu, uso umeoshwa hauna kitu. Hodi ikapigwa. Alikuwa Fundi, amekonda.

"Hukupiga simu," Bibie alisema.

"Kwenye simu ningeongea upuuzi." Alimtazama usoni. "Hata leo hiyo arobaini na nane siioni."

"Utaiona. Inakuja."

Fundi alishusha pumzi. "Hasira za kufichwa zimekwisha. Limebaki jingine, na hilo haliishi upesi. Mtoto nilimtaka, Bibie. Sitajifanya sikumtaka. Ziko siku nitamwona wa jirani, ninune mpaka jioni."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia tafuta binti, bado wakati unao. Sitakulaani."

"Nimejaribu kumfikiria huyo binti. Namfuata kazini, namuuliza kama miguu imevimba, akigeuka ni wewe."

Bibie aliinamisha kichwa. Alimpenda mtu huyu kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na alimwonea huruma kwa sababu hiyohiyo.

"Kusikitika nitasikitika," Fundi alisema. "Ila nimechoka kusikitika peke yangu kule. Nataka nisikitikie hapa kwako. Nikuoe, kama utamvumilia mume wa kununanuna."

"Na mimi nitazeeka kabla yako, Fundi."

"Tangulia. Nakuja nyuma."

Machozi yalimtoka bila sauti. Akafuta povu mikononi kwa kanga, akasogea pembeni ya mlango, na mwanaume akaingia akavua viatu.