Gasketi ya Manila

Kinusamafuta kilishuka juu ya ua wa Yoramu Tweve saa mbili asubuhi, kikavuta hewa mara moja tu, kikatangaza: "Uvujaji wa mafuta. Matone mawili kwa dakika. Ikifika saa tano, chanzo kitafungiwa." Kimashine hicho, kisichozidi ukubwa wa sufuria, kiliweza kunusa tone moja la oili katika mtaa mzima na kuamuru kila geti la jiji la Njombe. Adabu hakikupewa.

"Ziba pua yako!" Yoramu alifoka kutoka chini ya gari.

Lilikuwa gari la milimani la babu yake, la gia za mkono, la mwisho mjini. Ndege za mizigo zilizuiwa na ukungu, na magari yanayojiendesha yalikataa katakata tope la milima ya Ukinga.

"Baba Luka, mama yako amepiga tena kutoka Ukinga," mkewe Zelida alisema. "Insulini imebaki ya leo tu."

"Nasikia! Nipe manila."

Alimwaga mafuta kwenye dumu, akafungua bakuli lililo chini ya injini. Gasketi iliyoziba ukingo wake ilikuwa imepasuka, na madukani zilikoma kuuzwa kabla hajaoa. Akafanya kama mafundi wa zamani: alilaza karatasi ya manila juu ya ukingo wa bakuli, akaigonga kwa nyundo taratibu mpaka ikakatika kwa umbo lake, akaipaka mafuta kwa kidole, akafuta kidole kwenye shati. Akakaza bolti, akarudisha mafuta, akawasha injini. Chini palikuwa pakavu.

"Haya, nusa sasa, mshenzi wewe!"

Kinusamafuta kilizunguka mara mbili. "Gari limeruhusiwa." Geti likafunguka. Yoramu alipogusa mlango wa gari, pete ya umeme iliyorushwa na kinusamafuta ikambana miguu.

"Chanzo kimehamia kwa mtu. Mikono na shati. Utazuiliwa hapo ulipo saa arobaini na nane. Usioge, maji yako yatachafua mfereji."

"Mama yangu atakufa!"

"Hilo halina harufu."

Zelida hakubishana nacho. Alichukua boksi la barafu lenye insulini, akakaa kwenye usukani ambao kwa miaka ishirini mumewe hakumruhusu hata kuugusa.

"Klachi ni ipi?"

"Ya kushoto," alijibu Yoramu kwa aibu.

Gari likaruka, likazima. Akawasha tena. Likatoka getini kwa gia ya kwanza, likinguruma vibaya kuelekea milimani, na Yoramu akabaki akipiga kelele, "Badilisha gia, Mama Luka! Badilisha!" mpaka akawa halisikii tena.