Mwanamke wa Skafu ya Kijani

"Shemeji, njoo ukae hapa mbele karibu na TV. Leo lazima tukuone!"

Huyo alikuwa Tony, rafiki wa Ryoba wangu, mwenye kinyozi pale Migori mjini na mwenyekiti wa mashabiki kwa kujiteua mwenyewe. Mkononi alishika flashi ndogo, anaiinua juu kama kombe.

"Mnione wapi?" nikauliza.

"Kasarani, wapi tena! Mechi ya Morocco. Kuna jamaa alikuwa amekaa nyuma kidogo ya Ryoba, akarekodi goli lote na watu wakishangilia. Nimeisaka hii video mwezi mzima. Huyu bwana wako ametuchosha na stori yake ya kukumbatiwa na mtu hamjui. Leo tunaona na macho yetu."

Watu kama kumi walikuwa wamejazana mle ndani, Jumapili mchana, kuadhimisha mwaka mmoja tangu tuwafunge Morocco. Hata Bravin, mteja aliyekuwa kwenye kiti akinyolewa, aligeuza shingo atazame.

Mimi nikatafuta mlango kwa macho. Wasomaji wangu, mimi sikuwa Kasarani siku hiyo. Sijawahi kukanyaga Kasarani maishani mwangu.

Acha niwaeleze nilivyojiingiza, maana mtu hajikwai bure. Mnakumbuka Agosti ile mashindano ya CHAN yalipokuja nyumbani, nchi nzima ikawa na jezi nyekundu. Mimi Mellen, muuza mitumba wa soko la Homa Bay, mwanamke wa Kisii asiye na ndugu mji ule, siku ya Morocco nilikuwa chumbani nikikunja nguo. Sina TV. Goli nililisikia kupitia ukutani. Jirani walipiga kelele hadi sufuria zangu zikatikisika. Nikatoka mbio na furaha yangu, nikasimama mlangoni kwao niulize nani amefunga, nikawakuta baba, mama na watoto wamekumbatiana rundo moja. Hakuna aliyeniona. Nikarudi kwangu nikamalizia kukunja nguo.

Desemba, kwenye kundi la mashabiki la Facebook, nikakutana na hii:

"Natafuta mwanadada tuliyekumbatiana Kasarani siku ya Morocco, dakika ya 42. Alikuwa na skafu ya kijani. Alilia kwa bega langu, halafu umati ukatutenganisha kabla nimuulize jina. Kama uko humu, niko Migori, naitwa Ryoba."

Watu walimcheka. "Bro, hiyo ni jini." "Pole, ashaolewa." Mimi niliisoma mara sita. Miaka mitatu hakuna aliyekuwa amenitafuta, isipokuwa kampuni ya simu ikinikumbusha kwamba bando imeisha. Nikaandika maneno mawili tu:

"Ni mimi."

Siku aliyokuja Homa Bay kuniona nilikuwa nimechambua beli mbili nzima za mitumba hadi nikapata skafu ya kijani. Alishuka stejini, akaiona, akasimama kama amepigwa na stima. Nikafikiri ni mapenzi. Tulipokaa kula samaki akaniuliza taratibu:

"Unakumbuka ulichoniambia sikioni?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo yangu ilipata daraja. Nikasema lililonijia.

"Nilisema, usiniachilie."

Ryoba akaweka samaki chini. Halafu akasema, "Ndiyo. Ni hayo maneno."

Miezi minane tukapendana hivyo. Fundi mpole wa kuchomelea milango na madirisha, hanywi, hapigi kelele, akila kwangu anaosha sahani yake. Na Jumapili iliyofuata ilikuwa anipeleke Kehancha kwa mama yake. Sasa Tony anachomeka flashi, na mimi najua nikikosekana kwenye ile video, sina Ryoba, sina Kehancha, narudi kukunja nguo.

"Tony, zima," Ryoba akasema.

"Aah! Kwani unaona haya?"

"Nimesema zima, bana."

"Acha iende kidogo tu tumwone shemeji..."

Ryoba akaruka akang'oa waya ukutani. TV ikafa, na mashine ya kunyolea nayo ikafa.

"Na kichwa changu je?" Bravin akalia, nusu upara, nusu msitu.

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikachomoka nje, nikazunguka nyuma kwenye tangi la maji. Ryoba akanifuata.

"Mellen, nini?"

"Usinishike. Nikikuambia utaniacha, kwa hivyo niache nikuambie haraka. Sikuwa Kasarani. Hii skafu nilitoa kwa beli. Nilikuongopea tangu siku ya kwanza."

Alitazama chini. Nilingoja anitukane. Akasema:

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua hukuwa. Hakuna mtu alikuwa."

"Hakuna mtu aje?"

"Mwanamke wa skafu. Nilimtunga."

Nilidhani sikumwelewa. Akaketi kwenye jiwe, akaanza kujisugua viganja vyake vyenye makovu ya cheche.

"Nilichelewa kununua tiketi, nikapata kiti mbali na akina Tony. Nikakaa peke yangu. Jioni kwa basi kila mtu anasema amekumbatiwa na nani. Mwingine ati mzungu, mwingine polisi. Wakaniuliza, na wewe je? Nikasema mwanamke. Wakauliza amevaa nini. Nikasema skafu ya kijani. Basi ikakua hivyo. Tony hakuniacha. Kila wiki, 'Mtafute, mtafute, weka Facebook.' Nikaweka ili anyamaze. Sikujua kuna mtu atajibu."

"Halafu mimi nikajibu."

"Halafu ukajibu. Na ukaja na skafu. Mellen, nilitetemeka. Mtu nimemtunga na kichwa changu, amekuja kunipokea stejini."

Mngetarajia nicheke, sivyo? Tumetoka sare. Lakini hasira ilinipanda hadi masikioni.

"Kwa hivyo uliponiuliza nilisema nini sikioni, ulijua?"

"Nilijua."

"Uliponiuliza kama goli lilikuwa la kichwa ama la mguu?"

"Mellen..."

"Nililala na hofu miezi minane, Ryoba! Nilikuwa nasoma habari za hiyo mechi kama mtoto anayengoja mtihani! Na wewe unaniangalia tu! Ulikuwa unanicheka?"

"Hata siku moja. Nilikuwa naogopa. Kama nikisema najua, ungeenda."

"Basi sikia. Mimi nilidanganya kwa sababu nilitaka kuwa mtu anayetafutwa. Hata kama ni kwa jina la mwingine, angalau kuna mtu ananitafuta. Kumbe hukuwa unatafuta mtu. Si mimi, si yeye. Hakuna mtu yeyote alikuwa anatafutwa."

 Nikachukua mkoba wangu, nikapanda gari la Rongo, na kutoka Rongo nikaunganisha hadi Homa Bay. Skafu niliivua nikaiacha kwenye kiti cha gari.

Upweke wa kwanza mtu anauzoea. Huu wa pili, wa baada ya kuonja, huo hauzoeleki. Nilipika ugali wa watu wawili bila kufikiri. Nikauangalia, nikauacha ukapoa.

Jumatatu akatuma ujumbe: "Nimekosa. Si kwa stori, ni kwa yale maswali."

Sikujibu.

Jumanne: "Mama ameuliza unakula kuku ama samaki. Sijamjibu."

Sikujibu.

Jumatano hakutuma kitu. Nikaitazama simu siku nzima hadi Mama Obare, jirani yangu sokoni anayeuza omena, dagaa wa ziwani, akachoka nami.

"Nyathina, mwanangu, kwani umefiwa? Mteja amebeba suruali mbili umemwambia asante na hujachukua pesa!"

Nikamwambia yote. Akasikiliza huku akitafuna njugu, macho yamemtoka kwa utamu wa habari.

"Wewe ulimdanganya?"

"Ndiyo."

"Yeye akakudanganya?"

"Ndiyo."

"Na hakuna bibi mwingine hapo katikati?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hakuna, mama."

"Sasa hii ni kesi gani? Mimi nilidhani utaniambia kitu." Akarudi kwa omena yake, amevunjika moyo kabisa.

Alhamisi asubuhi, kabla sijamaliza kutundika nguo, simu ikalia. Tony.

"Shemeji, usikate. Ryoba ameniambia yote."

"Umepiga kunicheka?"

"Hapana. Nimepiga kuomba msamaha. Mimi ndio nilimsukuma aandike. Nilikuwa nafanya mchezo, sikujua namchoma. Shemeji, ile video niliiangalia peke yangu. Sijaonyesha mtu, na nitaifuta. Lakini nakutumia kwanza. Angalia sekunde ya ishirini, upande wa kushoto, jezi nyekundu, kofia nyeusi."

"Niangalie nini?"

"Angalia tu."

Nikaingia nyuma ya nguo zangu zilizotundikwa, nikafungua.

Mwanzo ni migongo tu ya watu. Halafu kelele, simu ikatetemeka, uwanja mzima ukaruka. Sekunde ya ishirini nikamwona. Ryoba wangu na kofia yake. Ameruka na umati, ametua, amefungua mikono yote miwili, mdomo wazi kwa furaha. Akageuka kulia, vijana wawili wamekumbatiana. Akageuka kushoto, baba amemwinua binti yake juu. Akageuka mbele, kina mama watatu wanacheza wao kwa wao. Mikono bado iko wazi. Akazunguka tena mara moja, kama mtu anayetafuta choo mji mgeni. Kisha akaishusha polepole, na njiani akabadilisha nia, akaishika kofia yake na kuiweka sawa, ili atakayemwona adhani alichokuwa akitaka tangu mwanzo ni kurekebisha kofia.

Niliirudisha. Nikaiangalia tena, na tena, na machozi yakashuka bila kuniomba ruhusa. Saa ile ile, dakika ile ile, mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jirani na furaha yangu mkononi, sina pa kuiweka.

Nilikosea pale kwenye tangi. Alikuwa anatafuta. Alianza kutafuta kabla ya ile posti, kabla ya stori ya kwenye basi. Alikuwa anatafuta na mikono yote miwili mbele ya watu elfu na elfu, na hakuna aliyegeuka.

"Mama Obare!" nikaita. "Niangalizie nguo."

"Unaenda wapi?"

"Migori."

"Kesi imeisha?"

"Bado. Naenda kuimaliza."

"Uje uniambie! Na usiniambie kwa kifupi!"

Saa sita jua likiwa utosini nilikuwa mbele ya karakana yake. Alikuwa ameinama juu ya dirisha la mteja, miwani nyeusi usoni, cheche zinaruka. Hakunisikia. Nikangoja amalize mstari wake, maana fundi akikatizwa anaharibu. Alipoinua miwani akaniona, akabaki na mashine mkononi.

"Mellen?"

"Weka hiyo mashine chini."

Akaiweka.

"Leo sikuvaa skafu," nikasema. "Nimekuja tu hivi. Naitwa Mellen Nyamoita, nauza mitumba, siku ya Morocco nilikuwa chumbani nakunja nguo na goli nikalisikia kwa ukuta. Nilitoka kutafuta mtu wa kushangilia na yeye, nikakosa."

Akavua miwani kabisa.

"Tony amenitumia video, Ryoba."

Akageuza uso upesi. "Hiyo angeifuta. Hiyo hukupaswa kuona."

"Fungua mikono."

"Nini?"

"Fungua mikono, kama pale."

"Mellen, watu wanaangalia."

"Pale pia walikuwa wanaangalia. Fungua."

Akaifungua taratibu, kwa woga, si kama siku ile. Viganja vyeusi kwa moshi wa chuma. Nikaingia katikati yake, nikamshika mgongo kwa nguvu zangu zote.

"Nimechelewa," nikamwambia. "Foleni ya getini ilikuwa ndefu."

 Kisha nikahisi kifua chake kikitikisika. Ile stori yake alikuwa ameitunga vizuri, sehemu moja tu ndiyo aliyoikosea. Aliyelia begani hakuwa mwanamke.

"Usiniachilie," akasema sikioni mwangu.

Mwenye dirisha akaja kuuliza kama kazi yake iko tayari, akatuona, akarudi alikotoka.

Tulikaa hivyo hadi mashati yetu yakalowa. Ndipo nikamwuliza lililokuwa limenikaa kooni tangu Homa Bay.

"Jumapili bado tunaenda Kehancha?"

"Tunaenda."

"Na mama akiuliza tulikutana wapi?"

Ryoba akajifuta uso kwa mkono, akauacha mweusi zaidi. Akafikiri.

"Tutamwambia ukweli," akasema. "Migori. Alhamisi, saa sita mchana, mbele ya dirisha la mtu."

"Na akiuliza unanijua tangu lini?"

"Nitamwambia tangu wiki hii. Atakasirika, lakini atapika."

"Mwambie kuku," nikasema. "Samaki nimechoka nao."