Chembe za Tangi la Tatu

Asubuhi hiyo tangi la tatu halikunuka. Nesrin, mkemia wa kiwanda cha ngozi mjini Gerede, aliinama juu ya maji machafu akavuta pumzi. Ile amonia inayowatoa watu machozi haikuwepo, ilhali magnesiamu, dawa ya kuigandisha, ilikuwa bado kwenye ndoo.

"Tuncay, ulitia magnesiamu jana?" alimuuliza mdogo wake, fundi wa matangi.

"Sijatia, dada. Nilimwaga magadi ya moto tu kwenye mfereji unaoingia humu."

"Ulipiga bismillahi? Uliwaomba ruhusa?"

"Wale majini wa chini?" Tuncay aliangua kicheko. "Na chuo kikuu chote hicho, dada!"

Nesrin akacheka naye, kwa aibu. Akatia dawa. Chembe nyeupe zikatuama tele kuliko siku zote, wakazikausha, na wakulima wa viazi wakabeba magunia yao ya mbolea.

Wiki iliyofuata harufu ilirudi, ila sasa ilitoka kinywani mwa Tuncay. Kisha akaanza kukojoa mchanga mweupe huku akilia, hospitali wakasema ni mawe ya figo, wakayatoa, kesho yake yakajaa tena, yakaota kwenye kope, yakaja na mate, na kila alipogeuka kitandani viungo vyake vilisagika kama sukari chini ya kiatu, na Nesrin akajaribu hata siki, inayoyeyusha chembe za tangini kule maabarani, isifue dafu.

Wakamwita shehe. Alisoma tangu adhuhuri hadi alasiri, ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kifuani mwa Tuncay, midomo yake imetulia tuli.

"Mwanangu alikuwa amelala mferejini. Mmemuunguza, kisha mkamgandisha. Nirudishieni."

"Mlichokigandisha kiko wapi, binti yangu?" shehe alinong'ona.

"Shambani," Nesrin alijibu. "Wakulima wamezimwaga zile chembe kwenye viazi. Mvua imenyesha siku tisa."

Shehe akafunga kitabu. "Basi mimi sina la kufanya." Akatoka bila hata kugusa chai.

Nesrin alipiga magoti akaushika mkono wa mdogo wake. Ulikuwa mzito, wa baridi. Hofu ilimjaa hadi akashindwa kulia.

"Nichukue mimi," alimwomba yule mwanamke. "Dawa niliitia mimi."

"Najua," sauti ikajibu. "Ndiyo maana wewe utabaki kutazama."