Doa Jeupe Dirishani

Asubuhi ambayo babu hakuamka, mlango wa studio haukufunguliwa. Kamera yake kubwa ya miguu mitatu ilibaki kwenye kona, haina wa kuiinamia. Msibani watu walitafuta picha yake ya kuweka mezani, wasiipate. Maisha yake yote alikuwa nyuma ya kamera.

Baadaye shangazi aliifungua studio, akaleta skana ya kuingiza filamu za babu kwenye kompyuta. Filamu zenyewe zilikuwa pana kama ukurasa wa daftari. Mjukuu wa babu, ambaye babu mwenyewe alimbandika jina la Macho kwa udadisi wake, alimsaidia kila alipotoka shule.

"Kwanza brashi, mwanangu," shangazi alimwambia. "Vumbi likibaki kwenye filamu, hutokea kwenye picha kama madoa meupe. Usiyafute kwenye kompyuta. Pangusa filamu, uipitishe upya."

Siku moja wenzake walimwita dirishani. "Macho, toka basi! Utaota mizizi humo!"

Alikuwa na filamu ya walimu na wanafunzi mbele ya shule ya zamani. Hakushika brashi. Picha ilipotokea na madoa kibao, aliyafuta kwenye kompyuta harakaharaka, pamoja na moja lililokuwa kwenye kioo cha dirisha. Hakulikuza hata kulitazama.

Kabla hajatoka, shangazi aliingia na bibi.

"Hee, picha ya shule!" bibi alisema. "Babu yako aliniambia siku ile alijipiga picha mwenyewe kwenye kioo cha dirisha. Hebu kuza hapo."

Shangazi alikuza. Kioo kilikuwa kitupu.

"Kumbe alinidanganya mzee yule," bibi alisema. Alijaribu kucheka, sauti ikamkatika.

Hakuna aliyejua alichofanya Macho. Alitazama viatu vyake, kisha akasema, "Bibi, hakukudanganya. Nilidhani ni vumbi. Nimemfuta mimi."

"Na filamu?" shangazi aliuliza.

"Filamu sijaigusa."

"Basi shika brashi."

Alipangusa taratibu, kona hadi kona, na skana ikapita polepole. Walipokuza tena, lile doa jeupe likawa shati, shati likawa mtu anayecheka, kitambaa cheusi cha kujifunika nyuma ya kamera kikiwa begani.

"Kola imepinda!" bibi alisema, machozi na kicheko kwa pamoja. "Kila siku namnyooshea, kila siku inapinda. Ahsante, mjukuu wangu. Ahsante sana."

Shangazi alimshika Macho bega. "Ungenyamaza, tungerudisha filamu kwenye boksi, na bibi angeishi akiamini alidanganywa. Haraka yako ilimfuta babu, ukweli wako umemrudisha. Nashukuru umesema."

Sasa picha hiyo imetundikwa juu ya skana, na Macho huanza na brashi.