Jogoo wa Chumba Namba Kumi na Mbili

"Wameingia," sauti ya Zuhura, aliyekuwa nje kwenye gari, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. "Wawili. Mlango wa nyuma. Na kadi wanayo."

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mpelelezi Kajetani Ngonyani alikuwa koridoni, ghorofa ya tatu ya jengo jipya la ofisi za serikali mtaa wa Majengo, bastola ya Glock 19 kiunoni.

Kadi.

Kadi za mlango ule zilikuwa tatu tu. Yake, ya Zuhura, na ya mkuu wao wa kazi, Rupert.

Simu ikatetemeka mfukoni. Rupert mwenyewe.

"Kajetani, mbona unahangaika koridoni? Ingia kumi na mbili ukae na mtu wako. Hali shwari."

"Sawa, mkuu."

Akakata. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba yuko koridoni. Na Rupert alikuwa nyumbani kwake Bombambili.

"Zuhura. Washa Probox, nenda kwa mkuu. Kaa mlangoni, usubiri neno langu."

Injini ikanguruma redioni.

"Kwa mkuu? Na wewe, kaka?"

"Mimi nakaa tu."

Akasukuma mlango wa kumi na mbili. Abdulhamid, fundi umeme wa Nalasi, alikuwa amechuchumaa kando ya tenga lenye jogoo mwekundu. Mkewe Sharifa ndiye aliyemtumia jogoo yule akiwa hai, maana mumewe hali nyama asiyojua imechinjwa na nani. Hata akiwa mafichoni. Walinzi wake wawili walicheka mpaka basi.

Taa za jengo lile alizifunga Abdulhamid. Hazikuwa na swichi. Kila chumba kina jicho darini: likiona mtu anatikisika, taa inawaka, lisipoona, inazima. Mapazia nayo yanajifunga yenyewe kuzuia jua, mchana kweupe ndani giza. Kubana matumizi, walisema. Kisha fundi akagundua waya wa pili ambao kampuni ya wageni iliyoleta taa hizo iliuchomeka kwa siri. Waya ule ulipeleka nje ramani ya kila jengo la serikali walilolifunga: nani yuko chumba gani, saa ngapi, ametoka, amebaki peke yake. Jumatatu angesimama mahakamani kusema hayo.

Na wakubwa, kwa akili zao, wakamficha shahidi ndani ya jengo lile lile. Eti wikiendi hakuna mtu.

"Fundi, jicho hili linavumilia dakika ngapi?"

"Mbili, afande. Mimi nilisema ishirini! Wakasema nataka kula umeme wa serikali."

"Wako chini wawili, wana ramani. Wanakuona kama ninavyokuona mimi."

Abdulhamid akatazama darini kama mtu aliyeona nyoka. "Basi nimejiua kwa mikono yangu."

"Bado. Mfungue jogoo."

"Jogoo?"

"Mfungue, bwana!"

Jogoo akatoka, akajikung'uta, akaanza kutembea kama mwenye ofisi. Wao wakavuka koridoni, wakaingia kumi na moja, wakaketi sakafuni nyuma ya kabati. Kajetani akaweka Glock magotini.

"Sasa usitikisike. Hata mbu akikuuma, mwachie damu."

Wakakaa.

Dakika mbili ni ndefu. Abdulhamid alitembeza midomo tu, dua bila sauti. Kajetani alitazama mwanga na kuusubiri ufe.

Alijua utakufa. Aliwahi kuuona.

Wodi mpya, kampuni ile ile, wakubwa wale wale na mikasi yao ya kukata utepe. Mkewe Skolastika alilala chumba namba tisa, mwili umeisha, hana nguvu hata ya kuinua kidole. Kajetani akikaa naye ilibidi apunge mkono kila baada ya muda, kama anafukuza nzi, ili mkewe apate taa. Siku ya mwisho wauguzi walimtuma dawa dukani. Aliporudi, chumba kilikuwa giza. Kwenye skrini ya wauguzi pameandikwa: namba tisa, hakuna mtu. Muuguzi alisoma, akapita. Dripu ilikuwa imekauka.

Rupert alileta shada msibani. Akasema ni mapenzi ya Mungu. Sahihi yake ndiyo iliyopitisha taa zile kwamba ni salama.

Taa ikazima.

Hatua kwenye ngazi. Viatu vizito, na vya mpira nyuma yake.

"Mmoja tu," sauti ya kigeni ilisema kwa Kiswahili cha kujifunza. "Kumi na mbili. Anatembea."

"Na yule mpelelezi?"

"Hayupo. Fungua, Daimu."

Teke. Mlango ukagonga ukuta. Mabawa yakapiga kelele.

"Bosi," Daimu alisema. "Ni kuku."

"Kuku gani?"

"Jogoo," Kajetani alisema nyuma yao. "Tupeni chini."

Daimu alitupa. Mgeni aligeuka na Beretta yake.

Glock ikabweka mara moja. Mgeni akapiga magoti ameshika bega, tableti ya Samsung ikateleza mpaka miguuni pa Kajetani.

"Kumi na moja hakukuwa na mtu," mgeni alinong'ona. "Ramani ilisema hakuna mtu."

"Ndiyo. Hata mke wangu hakuwepo."

Akawafunga pingu, akalikaza bega la yule kwa shati la Daimu, akawaketisha koridoni ukutani.

"Sasa tulieni. Wote. Atakayetikisika, nampiga risasi ya pili."

Dakika mbili. Koridoni kukawa giza. Chumbani, chini ya taa yake, jogoo alidonoa zulia.

Simu ya mgeni ikaita. Kajetani akaipokea, akaiweka sikioni.

"Lorenz?" Rupert alisema. "Naona mmoja tu anatembea, kumi na mbili. Ni wewe? Umewamaliza wote?"

"Huyo ni jogoo, mkuu."

Kajetani akaibonyeza redio.

"Zuhura. Sasa."

Ikasikika simuni: mlango, viatu, kisha sauti ya adabu kabisa.

"Hodi. Shikamoo, mkuu. Naomba hiyo simu, na mikono."

Polisi walipofika kuwachukua wale wawili, Abdulhamid alikuwa amemkumbatia jogoo kifuani.

"Huyu sichinji, afande. Nitamrudisha Nalasi azeeke."

"Akitikisika kidogo tu, anawashiwa taa," Kajetani alisema. Hakucheka. "Jumatatu utasema yote?"

"Waya, ramani, majina. Yote, wallahi."

"Usianze na waya. Anza na dakika mbili. Anza na chumba namba tisa."

Akavaa kofia, akashuka. Kila ngazi aliyokanyaga, taa ilimuwahi kwa heshima zote, kama kwa mheshimiwa.

Hakuzitazama. Alitoka juani, akashika njia ya nyumbani, Lizaboni, kwa miguu.