Nani Amekata Maua ya Uwanjani?

Kila asubuhi kabla ya chai, Kalina alishuka ngazi za jengo lao mjini Łódź kwenda kuwaangalia nyuki. Mbele ya jengo palikuwa na kiwanja ambacho yeye na Bibi yake walikipanda maua ya mwituni. Chama cha wakazi kiliwapa mwaka mmoja tu. Maua yakidondosha mbegu na kuota tena mwakani, kiwanja kingebaki cha nyuki. Yasipoota, mashine ya kukatia nyasi ingerudi.

Asubuhi hiyo ya Agosti alikuta mashina matupu. Hakuna ua, hakuna hata kitumba cha mbegu. Nyuki wawili watatu walizungukazunguka, wakakosa pa kutua, wakaenda zao.

Kalina alipandwa na hasira. Hakumuuliza mtu. Aliyejulikana kuchukia maua yale ni mmoja tu, Bwana Bogumił wa ghorofa ya kwanza, aliyesema kila siku kwamba lile ni pori la kufugia kupe. Alimkuta ngazini amebeba mkate, majirani wakipanda na kushuka.

"Umeyakata maua yetu, mzee mwenye roho mbaya! Sasa umefurahi?"

"Mimi? Chunga mdomo wako, mtoto."

"Mwongo!"

Majirani walisimama, wakamtazama mzee kwa jicho baya. Bwana Bogumił aliingia kwake, akabamiza mlango.

Bibi alishinda katika ukumbi wa kanisa siku ile akiandaa sikukuu, akarudi Kalina amekwisha lala, na kesho yake akatangulia alfajiri. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, siku ya kupeleka maua na mitishamba kubarikiwa. Kalina aliingia kanisani bado amenuna. Mara akayaona maua ya kiwanja chao, mekundu ya popi na mengine ya buluu, pamoja na vitumba vyake vikavu, mikononi mwa majirani wa jengo zima. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la Bibi.

"Bibi, kumbe ni wewe?"

"Mimi na wenzangu. Kijijini kwetu tulichuma popote yalipoota. Kwani maua ya Bikira Maria yanaombewa ruhusa?"

"Na mbegu je? Tutaotesha nini mwakani? Na mimi nimemtukana Bwana Bogumił mbele za watu!"

Bibi aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mjukuu wangu. Mbegu sikuziwaza kabisa. Lakini fungu lililobarikiwa halitupwi. Kwetu tulilikausha, mbegu zake tukazichanganya na za kupanda. Nitawaambia wote wazirudishe."

Jioni Kalina alibisha hodi kwa Bwana Bogumił, akanong'ona, "Shikamoo. Nisamehe, babu. Si wewe uliyekata."

"Ulinitukana wapi?"

"Ngazini."

"Mbele ya nani?"

"Ya watu."

"Na radhi unakuja kuniomba hapa gizani, peke yetu." Akaufunga mlango.

Kalina alilia kwa hasira. Si amekuja mwenyewe? Alitaka nini tena mzee yule? Usiku kucha alimkasirikia, na kulipokucha alijikasirikia mwenyewe zaidi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, majirani walishuka na mafungu yao makavu, wakapukutisha mbegu kiwanjani. Hata mwenyekiti wa chama alikuwa na fungu lake. Alikuna kichwa kwa aibu, akasema kiwanja kimeongezewa mwaka. Bwana Bogumił alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Kalina alipanda ngazi ya mlangoni ili wote wamwone. Akapaza sauti.

"Nilisema Bwana Bogumił amekata maua. Nilimwita mwongo. Hakukata, na mwongo ni mimi niliyesema nisilolijua. Naomba radhi."

Wale waliomtazama mzee kwa jicho baya wakaangalia viatu vyao.

"Nimesikia," alisema Bwana Bogumił. "Kukasirika si kosa, binti. Hata mimi bado nina hasira nawe. Ila uliza kwanza ndipo useme. Na ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, mrudishie mbele ya watu hao hao."