Vidole Viwili vya Kinyozi

Kila asubuhi kinyozi alifungua kibanda chake, akafagia, akafuta kioo, akapanga mashine na vitana mezani. Zamani wateja wa mapema hawakuwa na maneno mengi, maana waliwahi kazini. Lakini tangu alipotoka safarini, kila aliyekaa kitini alitaka kusimuliwa.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Hospitali ya mji ilikosa mashine za kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Chama cha waendesha baiskeli kikaamua kwenda hadi mpakani na kurudi, kikiomba michango katika kila mji njiani. Kinyozi alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na wengi walimcheka. Akaenda, akarudi. Mashine zikanunuliwa. Watu wakambandika jina la Chuma.

Alichopenda zaidi kusimulia ni ile barabara ya mawe.

"Wenzangu walisimama kupumzika," alisema. "Mimi sikusimama. Niliushika usukani kwa nguvu zote, sikuuachia mpaka nilipoiona lami."

Wateja walimpigia makofi. Hakuwaambia kwamba siku hiyo vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha mwisho na cha pete, vilikufa ganzi, na tangu hapo vilikuwa havijaamka.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Kisha funguo zikaanza kumponyoka. Kufunga kifungo cha shati ikawa kazi. Watu wa duka la karibu walimshauri achue mkono kwa mafuta ya moto. Akachua, akaungua kidogo, ganzi ikabaki palepale.

Asubuhi moja alikuwa akimnyoa ndevu mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi. Wembe ukateleza, ukamkata chini ya sikio. Jeraha halikuwa kubwa. Mwalimu alichukua taulo, akajikandamiza mwenyewe, akaaga kwa upole. Upole ule ulimuuma kinyozi kuliko matusi. Alifunga kibanda kabla ya adhuhuri akaenda nyumbani.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akipinda sketi za shule. Kinyozi alikaa karibu naye akamweleza yote, pamoja na hofu yake kubwa: marehemu baba yake aliangushwa na kiharusi, na sasa aliona zamu yake imefika.

"Nilijua kuna jambo," mkewe alisema. "Kila asubuhi unaniomba nikufunge vifungo. Mimi nikafurahi, nikadhani safari imekurudishia mapenzi."

Wakacheka wote wawili, ingawa kicheko cha kinyozi hakikufika mbali. Mkewe akazima cherehani. Jioni hiyohiyo wakagonga mlango wa pili. Jirani yao alifanya kazi hospitalini, akiwafundisha wagonjwa kutumia tena mikono na miguu yao.

Jirani alimsikiliza bila haraka. Akamuuliza kama ganzi ilimjia ghafla, kama uso ulipinda, kama ulimi ulikuwa mzito au mguu ulilegea. Yote hayo kinyozi alikana.

"Basi hali hii haifanani na kiharusi, kaka," alisema. "Kiharusi huja ghafla. Ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au maneno yake hayaeleweki, usimchue na usingoje kesho. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Sasa niletee hiyo baiskeli."

Kinyozi alitegemea sindano, si baiskeli. Hata hivyo aliileta uani. Mkewe akaishikilia, yeye akapanda. Jirani akaizunguka akitazama. Kiti kilikuwa kimeinama mbele, usukani uko chini mno, na raba zake za kushikia zimelika. Mwili mzima wa kinyozi ulikuwa umelalia viganja vyake.

Jirani akamshika mkono, akabonyeza chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Kinyozi akashtuka.

"Hapa unapita mshipa wa fahamu wa vidole vyako viwili," jirani alieleza. "Uzito wako uliukandamiza, na mawe yakaugongagonga kutwa. Ganzi ilikuwa inakwambia usimame."

"Kwa hiyo pale ninapojisifu..."

"Ndipo ulipoumia."

Kinyozi alikitazama kiganja chake. Aliiona upya ile barabara: wenzake kando ya njia wakinyoosha mikono, na yeye akiwapita huku akiwacheka moyoni. Kisha akauliza kama ndiyo basi, baiskeli aiage. Jirani akasema hapana. Aiweke pembeni kwanza, mkono upone. Kesho yake aende kwa daktari apimwe, maana mshipa ukibanwa muda mrefu misuli huweza kudhoofika.

Daktari alisema maneno yaleyale. Alimpa kifaa cha kuufunga mkono usiku usijikunje, na jirani akamfundisha mazoezi ya vidole. Kinyozi aliwatangazia wateja kwamba kwa sasa hanyoi kwa wembe. Wengine walihama. Yeye alifanya mazoezi kila siku, hata siku ambazo hakuona tofauti yoyote, na hizo zilikuwa nyingi. Kidogo kidogo vidole vikaanza kuwasha, kisha kuhisi baridi ya maji. Siku alipofunga vifungo vyake mwenyewe, mkewe alijifanya amenuna.

Mwaka uliofuata chama kilipanga safari nyingine. Wanachama walimwomba awasimulie wageni barabara ya mawe. Aliisimulia, na mara hii hakuacha kitu, hata sikio la mwalimu. Kisha akatoa spana, akapita kwenye baiskeli moja moja akisawazisha viti na kupandisha sukani. Mkewe aliwashonea wote glovu zenye sponji kiganjani.

Siku ya kuondoka, kabla hata mji haujapotea nyuma yao, kinyozi aliinua mkono. Msafara ukasimama. Wakashuka, wakakung'uta mikono.

"Tukisimama hivi tutachelewa," mwenzake alilalamika.

"Tutachelewa," kinyozi alikubali, "na tutafika."

Akavua glovu, akakunjua vidole kimoja kimoja. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka bondeni, na vyote vitano viliusikia.